Mfereji wa Mama na Saa ya Wote

Mama alihama Gatwekera, kule Kibera, kwa masharti. Alikuja Kawangware na mfuko mmoja wa nguo, Biblia yake na karai la bati ambalo limezibwa mara nyingi kuliko barabara ya kwetu. Jiko na godoro aliviacha. Ufunguo wa chumba chake cha Gatwekera alikuja nao, umefungwa kwenye pindo la leso, na kabla hajaketi aliniambia, "Nimekuja kuona tu. Mwezi ukiisha nitakwambia kama nimehama ama nimetembea."

Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba amehama. Nilikuwa nimemkodishia chumba kando ya changu, nikapaka ukuta rangi ya krimu, nikanunua pazia lenye maua ambalo hata mimi sina. Nimelelewa Gatwekera, katika chumba cha mabati ambacho mvua ikinyesha hamsikizani. Miaka yote hiyo nilimwona mama akipanga laini kwenye kibanda cha maji karibu na reli, kisha akirudi na mtungi kichwani na mwingine mkononi. Nilipopata kazi ya kuandika programu za kompyuta, niliapa kwamba mama yangu hatapanga laini ya maji tena maishani. Niliapa kwa hasira, kama nifanyavyo mambo yangu mengi.

Na safari hii nilikuwa na uwezo, kwa sababu maji ya ploti, kiwanja cha vyumba vya kupanga tunamoishi, yanafuata programu niliyoiandika mwenyewe.

Mwenye ploti ni bibi Mkikuyu ambaye familia yake ilikuwa pale tangu Kawangware ikiwa mashamba. Wapangaji wote tunamwita Shosho, yaani bibi kwa Kikuyu. Ana ploti mbili zilizopakana, ya mbele na ya nyuma, na tangi moja kubwa juu ya nguzo za chuma. Tangi ni moja na milango ya wapangaji ni mingi, kwa hivyo maji hufunguliwa kwa saa maalum. Zamani Shosho alipanda mwenyewe kuzungusha koki, mpaka magoti yakagoma. Siku aliyoniuliza kama kompyuta yangu inaweza kumpandia ngazi, nilimwambia inaweza. Fundi akafunga vidude vya umeme kwenye mabomba, kimoja kwa kila mlango, nami nikaandika programu ya kuviamuru kutoka kwa simu.

Sikutaka kuandika saa za maji mlango kwa mlango. Hiyo ni kazi ya mtu asiyejipenda. Nilipanga ngazi tatu: juu kabisa yuko Shosho, chini yake ploti, chini ya ploti mlango. Saa ikiandikwa kwa Shosho, ploti zote mbili zinairithi, na milango inairithi kutoka kwa ploti. Mlango ukiwa tupu, programu inauliza ploti. Ploti ikiwa tupu, inauliza juu. Lakini mlango ukiandikiwa saa yake wenyewe, programu inasoma hiyo na kuishia hapo. Haiulizi mtu mwingine. Kazini kwetu vijana wapya hufundishwa jambo hili na kulikunjia uso.

Shosho hakukunja uso. "Kwani hiyo ni mpya?" aliniuliza. "Geti yangu inafungwa saa nne usiku, kwa wote. Ploti ya nyuma nimewakubalia kuku, ya mbele hapana. Na huyo nesi wa nightshift ako na kifunguo yake. Wee Injinia, hiyo kompyuta imekuja kusomea kwangu."

Basi juu kabisa tuliandika saa nne asubuhi mpaka saa tano, na milango karibu yote tukaiacha tupu. Nesi tulimwandikia jioni, kwa sababu asubuhi hulala. Mlango wangu niliuandikia maji wakati wote, kwa kisingizio cha kujaribu mitambo. Mama alipokuja, nilimwomba Shosho ruhusa nikamwandikia vivyo hivyo. "Mzazi ni mzazi," Shosho alisema, na yakaisha.

Asubuhi ya kwanza mama aliufungua mfereji, akaufunga, akaufungua tena.

"Haiishi?"

"Haiishi, mama."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kabla ya chai alikuwa amefua kila kitu, pamoja na lile pazia jipya ambalo halikuwa na kosa lolote. Niliingia chumbani kwangu kufanya kazi, nikaziba masikio kwa vile vidude vya kusikilizia muziki, nikajiona mtoto bora katika kaunti nzima.

Nilichokuwa sikijui ni yaliyokuwa yakiendelea nje saa nne. Kwetu, watu wakingoja maji hawakai wakitazama mfereji. Unauzungusha mpaka mwisho ukiwa mkavu, unaweka karai chini, unaendelea na shughuli zako. Maji yakifika, mlio wa karai unakuita. Kwa hivyo saa nne mabomba yanakohoa hewa, makarai yanaanza kulia mfululizo kwenye korido, na milango inafunguka kwa pamoja. Wanatoka akina mama, wanatoka wanafunzi, anatoka yule kijana wa mwisho wa korido anayefua shati moja kila siku. Saa hiyo moja ndimo habari zote za ploti zinamopita: nani amepata kazi, nani amejifungua, nani alipiga kelele jana na kwa nini. Sabuni inarushwa upande huu na kurudishwa imekonda.

Mama alikuwa akitoka saa hiyo na mikono mikavu. Alikuwa ameshamaliza. Aliketi kwenye kigoda mlangoni pake akitazama wengine wakifua, na wao wakimwamkia kwa heshima zote: "Habari ya asubuhi, Mama Injinia." Kisha wakarudi kwenye stori zao.

Aliponyamaza nyamaza, nilidhani anapumzika. Niliwaambia hata wenzangu kazini kwamba mama amenenepa, jambo ambalo sikuwa nimelichunguza.

Mwezi ulipokuwa ukielekea ukingoni nilipigiwa simu na rafiki yake wa Gatwekera. Ni jirani yetu wa tangu nikiwa mtoto, anafulia watu nguo mtaa wa Nyayo Highrise, na sauti yake haihitaji simu.

"Wewe msichana, huko Kawangware maji imeisha?"

"Haijaisha. Kwa nini?"

"Mamako amekuja kufua hapa tena."

Neno lililoniuma lilikuwa "tena". Nilifunga kompyuta nikashuka Ngong Road kwa miguu, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kugombana, nikakata kuingia Kibera na kuteremka mpaka kwenye kibanda cha maji karibu na reli. Nikamkuta. Alikuwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, mikono imeloa mpaka kwenye viwiko, miguu iko kwenye povu, anasimulia jambo, na wanawake wote waliomzunguka wameshika mbavu. Kando yake kulikuwa na fungu la mboga za sukuma kutoka Silanga, huko huko Kibera, zawadi ya rafiki yake. Mama yangu, mwenye mfereji usiofungwa, alikuwa amebeba nguo chafu kutoka Kawangware kuja kufulia maji ya kununua kwa mtungi.

Nilifungua kinywa. Mama akanipa upande mmoja wa shuka.

"Shika hii tukamue."

Nilishika. Huwezi kumgombeza mtu mkiwa mnakamua shuka moja. Yeye anavuta huku, wewe unavuta kule, na hasira inatoka na maji. Nilijaribu hivyo hivyo.

"Mama, si nilikupea maji?"

"Ulinipea."

"Maji ya siku nzima!"

"Ya siku nzima. Sasa nafua peke yangu asubuhi kama nimeiba nguo. Wenzangu wakitoka mimi nimemaliza. Na wananisalimia vizuri sana, mwanangu. Vizuri sana. Nimekaa hapo karibu mwezi, hakuna mtu amenikanyaga mguu, hakuna mtu ameniomba sabuni." Alikunja shuka mara mbili, akaiweka kwenye karai. "Kwako ni kuzuri. Lakini mwezi ukiisha narudi kwangu."

Niliumia. Nasema wazi kwamba niliumia, nikageuka nikajifanya natazama reli.

Usiku huo huo nilifuta "wakati wote" kwenye mlango wa mama nikaandika saa nne mpaka saa tano, kama wote. Kesho yake mabomba yalipokohoa, mama alikuwa tayari, leso kiunoni. Sikutoka, nilikuwa na mkutano wa kazi, lakini alikuja kunisimulia na uso unang'aa. Yule kijana wa shati moja alikuwa amemfokea: "Mathe, toa mguu, unaziba maji!" Mama alinirudia maneno hayo mara nyingi siku hiyo, kama mtu aliyepewa tuzo. Akaombwa sabuni. Akanyimwa nafasi kwenye kamba, akagombana, akaipata. Ufunguo wa Gatwekera ulikuwa bado kwenye pindo la leso, lakini nilianza kulala usingizi mzuri.

Kisha Shosho akabadilisha saa.

Wapangaji wanaouza sokoni asubuhi walikuwa wamemlilia muda mrefu, na stima inayofungua vile vidude ilikuwa na tabia ya kupotea kabla ya saa sita mchana. Jumamosi asubuhi alitoa simu yake, akaingia mwenyewe kwenye programu, akaandika juu kabisa: saa tisa alasiri. Hakuniita. Alijivunia sana, akapita milango yote akitangaza, na watu wakamshangilia. Mama pia alimshangilia.

Hata hivyo, mazoea ni mazoea. Mifereji yote iliachwa imezungushwa mpaka mwisho, makarai chini, watu wakatawanyika kungoja saa tisa. Mama alivuka korido akaingia kwa jirani mmoja kumsaidia kuchambua maharagwe, na wakaweka nyimbo za kanisa kwenye redio, juu kabisa.

Saa nne, mfereji wa mama ulifunguka. Wake tu.

Karai lilijaa. Likafurika. Maji yakashika korido yote kwa raha zake, yakapita chini ya kigeti kinachotenganisha ploti mbili, yakaingia ploti ya nyuma moja kwa moja kwenye banda la kuku wa Shosho. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Maji!" Hapo ploti nzima ikalipuka. Kila mtu alikimbilia mfereji wake kwanza, akaukuta mkavu, akageuka, akaona mto unatoka wapi. Ndoo zikaja, sufuria zikaja, mtu akaja na birika. Nilisikia vishindo hata kupitia muziki wangu, nikatoka, na soksi zangu zikalowa hatua ya kwanza.

Shosho akatokea na gambuti miguuni, kuku mmoja chini ya kwapa. Kuku alikuwa amekasirika, Shosho zaidi.

"Nimesema saa tisa! Nani amenipinga kwa ploti yangu?"

Wote walitazama mlango wa mama.

Mama alikuwa amesimama katikati ya korido na maharagwe mkononi. Nimemwona akilia, nimemwona akigombana na polisi, lakini sijawahi kumwona akiona haya kama siku hiyo. Alifunga mfereji polepole. "Mniwie radhi," alisema. "Mimi ni mgeni hapa. Hata maji inajua." Akaingia ndani, na kupitia mlango uliokuwa wazi nikamwona ameushusha ule mfuko na kuanza kukunja nguo.

Nilichukua kompyuta nikaketi kwenye kigoda chake, na soksi zangu mbichi, nikafungua mipangilio. Kosa lilikuwa mbele ya macho yangu. Nilitamani kucheka na kulia. Shosho alikuja akainama juu ya bega langu, yeye na kuku.

"Kwa nini huyu hakunisikia?"

"Kwa sababu mlango wake umeandikwa, Shosho. Niliandika saa nne."

"Si ilikuwa saa yetu?"

"Ilikuwa saa yenu. Lakini niliiandika hapa, kwake. Mlango wenye maandishi hauulizi juu. Wengine ni tupu, kwa hivyo ulipobadilisha walikufuata wote. Yeye alibaki na saa nne yake."

Shosho alifikiri. "Kumbe ulimjengea ukuta, halafu ukaupaka rangi ya ploti." Kisha akapaza sauti kuelekea ndani. "Mama Injinia! Wacha hizo nguo! Hii makosa ni ya msichana wako, si yako. Toka uone."

Mama alitoka, shati lililokunjwa nusu mkononi. Nilifuta ile saa nne. Kikabaki kisanduku cheupe, kisicho na kitu.

"Sasa umeandika nini?" mama aliuliza.

"Sijaandika kitu."

"Na maji?"

"Yatakuja na ya wengine. Shosho akisema saa tisa, saa tisa. Akisema Krismasi, Krismasi."

"Hebu nione ya wengine."

Nilimwonyesha orodha ya milango. Tupu, tupu, tupu, halafu wa nesi wenye jioni yake, kisha tupu tena. Mama hakusoma sana shule lakini macho yake hayana mchezo. Kidole chake kilishuka mpaka kwenye mlango uliokuwa na maneno mengine, kikatua.

"Na huyu ni nani?"

"Huyo ni mimi."

"Imesema nini?"

"Wakati wote."

Shosho ghafla akawa na shughuli kubwa ya kumpangusa kuku. Mama alinigeukia, si kwa ukali.

"Kwa hivyo tangu uhamie hapa hujawahi kufua na hawa watu."

"Nina kazi, mama."

"Huyo kijana alinifokea nitoe mguu, unajua yeye hufanya kazi gani?"

Sikujua. Nilijua shati lake.

"Mukhana wangu," mama alisema, na hilo, msichana kwa lugha yetu ya nyumbani, ndilo neno analoniitia tangu nikiwa mtoto, akitaka nisikie vizuri, "mimi sikutoka Gatwekera kufuata maji. Nilikufuata wewe. Nafika, wewe uko ndani umeziba masikio, na mimi niko nje nimekaa kwa kigoda." Alilitikisa lile shati. "Futa yako. Ukifuta yako nitakaa."

"Na kazi?"

"Kazi yako haitaki nguo safi?"

Korido nzima ilikuwa inasikiliza. Hakuna siri kwenye ploti, hasa mkiwa mmesimama kwenye maji. Nilishika maneno yale mawili niliyojiandikia tangu siku ya kwanza, nikayafuta, na mlango wangu ukawa kisanduku cheupe kama milango ya wengine. Kijana wa shati moja akapiga makofi. Nadhani alikuwa akinicheka, na alikuwa na haki.

Saa tisa ilipokaribia, nilizungusha mfereji wangu mpaka mwisho nikaweka ndoo chini, kwa kuwa karai sina. Nilisimama mlangoni bila muziki masikioni. Nilikuwa na wasiwasi wa kipumbavu, kana kwamba si mimi niliyeandika programu ile. Mabomba yakakohoa mbele kabisa, karibu na geti. Karai la kwanza likalia, likafuatiwa na la pili, mlio ukaja ukipanda korido mlango kwa mlango. Ukapita kwa nesi bila kusimama. Ukafika kwa mama, na lile bati lake lenye viraka likalia kuliko yote, mama akapiga vigelegele, naam, kwa mfereji. Kisha ndoo yangu.

Nilikuwa sina hata sabuni ya kipande. Niliomba, nikarushiwa, ikaniteleza, ikaenda mpaka kwenye karai la mtu.

"Niaje Injinia, leo umetokea kwa base yetu!" kijana wa shati alinipigia kelele. "Sasa toa mguu!"

Nilitoa mguu. Nilifua nguo za wiki nzima vibaya sana, nikipewa maagizo kutoka kila upande, na nikajua kabla maji hayajakatika kwamba kijana yule huchomelea vyuma, kwamba mwanamke wa mlango wa mbele ana mimba ya mapacha, na kwamba watu walikuwa wakidhani mimi ninaringa. Sikumbuki lini nilicheka hivyo.

Mama alisuuza mikono, akafungua pindo la leso, akatoa ufunguo, akauning'iniza kwenye msumari wa mlango. Kisha akachukua simu yangu mfukoni mwangu bila kuomba na kumpigia rafiki yake wa Gatwekera.

"Godoro mpatie mtu," alimwambia. "Jiko utaniletea Jumapili baada ya kanisa, na ufunguo wa nyumba uje uchukue. Eee. Nimehama."

Alinirudishia simu, akainama kwenye karai, akanipa upande mmoja wa shuka.